Maji Laini ya Mzee Bura

Isome taratibu mpaka mwisho, kisha umpe na mwenzako mwenye watoto.

Katika mji mmoja mdogo chini ya mlima, watu walikuwa wameyachoka maji ya bomba lao. Yalitoka kwenye kisima kirefu cha zamani, na yalikuwa magumu. Sabuni haikutoa povu. Maharage yaliyobandikwa asubuhi yaliiva jua likielekea kuzama. Kila birika lilikuwa na ukoko mweupe ndani, na shati la shule likifuliwa mara tano liligeuka rangi ya jivu.

Wakamchagua Bura Margwe kuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Alikuwa fundi seremala, mtu wa neno moja, na aliwaahidi maji laini. Kweli akayapata, kwenye chemchemi ya mlimani. Wanawake waliokwenda kuyajaribu walirudi na povu hadi viwikoni. Mji mzima ukatoka na majembe, wakachimba mtaro wa mabomba miezi mitatu, mvua ikinyesha na jua likiwaka.

Ilipobaki siku moja maji yafunguliwe, mpima maji wa wilaya, binti aitwaye Restituta, alimfuata Bura kwenye karakana yake akiwa na karatasi.

"Mzee, maji ya kisima ni magumu kwa sababu ya chokaa, lakini hayana madhara," alisema. "Haya ya mlimani ni laini, ila yana floridi nyingi mno. Ni madini yanayoharibu meno ya watoto yangali ndani ya ufizi, na baadaye mifupa. Kuyachemsha hakusaidii."

Bura akauliza kama hakuna dawa. Restituta akasema njia za kuyachuja zipo ila si za haraka, kwa hiyo kwanza watu waambiwe, na watoto waendelee na maji ya kisima. Yeye alikuwa amehamishiwa wilaya nyingine, asingekuwepo mkutanoni. Akamwomba aisome ile karatasi mbele ya wote. Bura akamwahidi.

Kesho yake alisimama mbele ya watu, karatasi ikiwa mfukoni mwa koti. Akaona viganja vyenye sugu. Akamwona jirani yake Sulle, aliyeng'oka ukucha kwenye mtaro ule, amempakata mtoto wake mchanga, Fabiola, na anatabasamu. Akaiacha karatasi mfukoni.

"Maji yamepimwa," akasema, "na kipimo kimeonyesha kuwa ni laini."

Hakudanganya hata neno moja. Vigelegele vikapigwa, bomba likafunguliwa. Bura akajiambia atawaeleza mwezi ujao, furaha ikishatulia. Mwezi ukawa mwaka. Mashine ya kusukuma maji ya kisima ilihamishiwa mlimani, na kule kisimani ikabaki pampu ya mkono ambayo karibu kila mtu aliisahau.

Ikapita miaka minane. Watoto wakang'oa meno ya utoto, na yaliyoota badala yake yakaja na madoa ya kahawia, mengine yakimeguka kama chaki. Wazazi wakalaumu pipi. Wengine wakanong'ona habari za laana. Bura aliwasikia, akaendelea kupiga randa.

Kitu kimoja kilimfariji. Yeye na mkewe Paulina walikuwa wakiwalea wajukuu wawili, Agripina na Tarmo, na meno yao yalikuwa meupe kabisa. Alijiambia kwamba maji yangekuwa mabaya, yangeanza na nyumba yake. Pengine yule binti alikosea.

Siku moja daktari wa meno alifika shuleni. Wazazi waliitwa, na Bura naye alikuwepo. Daktari alikagua watoto mmoja mmoja akitikisa kichwa, mpaka akafika kwa Agripina. Akayaona meno yake meupe, akamwuliza kwao wanakunywa maji gani.

"Ya kisimani," mtoto akajibu. "Bibi anatuchotea kila siku. Alisema ya bomba tusinywe."

Watu wote wakageuka kumtazama Bura. Naye alikuwa ameduwaa kuliko wao. Miaka yote alimwona Paulina akienda kwenye ile pampu ya mkono, akidhani anawachotea ndama.

Alimkuta nyumbani akipepeta mtama.

"Niliikuta ile karatasi nilipofua koti lako," Paulina alisema bila kuinua macho. "Nilingoja useme, Baba Deo. Kila mwaka nilisema, mwaka huu atasema. Sikutaka kukuvua nguo mbele za watu."

"Ukawaokoa wetu tu."

"Nikawaokoa wetu tu," alisema, na ungo ukatulia mikononi mwake.

Karatasi, Paulina alikuwa ameitunza sandukuni. Bura aliipeleka mkutanoni akaisoma yote, neno kwa neno, kisha akasema ni siku gani alipewa. Alijiandaa kwa matusi. Hakuna aliyemtukana. Sulle ndiye aliyesimama.

"Siku ile ungetuambia," aliuliza, "ulidhani tungekufanya nini?"

Bura alijua wasingemfanya lolote. Wangesikitika siku mbili tatu, kisha wangewapa watoto maji ya kisima, basi.

Mashine ikarudishwa kisimani, na watoto waliozaliwa baada ya hapo wana meno mazuri. Paulina aliwaendea kina mama nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Wengi walimkaribisha ndani. Wachache mpaka leo huitikia salamu yake wakiwa wamesimama mlangoni.

Mwaka juzi Fabiola aliolewa. Nje ya kanisa mpiga picha alimwomba acheke kidogo, na bibi harusi akaziba mdomo kwa kiganja, kama alivyozoea tangu utotoni. Mpiga picha akamsihi autoe mkono. Hakuutoa. Bura alikuwa amesimama nyuma ya watu, akainamisha kichwa, akaondoka kabla ya chakula.

Funzo: Anayewaficha watu ukweli ili asiwaharibie furaha ya siku moja huwaachia majuto ya maisha; na anayeujua ukweli akawakinga walio wake tu, naye amewaumiza wa jirani.