Mlango wa Tulinagwe

"Mnyonge hana panga, ila ana mlango." Mmeisikia leo ikisemwa sokoni, mkauliza ni wahenga gani walioitunga. Wahenga hawakuwapo. Waliokuwapo ni watu sita mbele ya kompyuta, mjini Tukuyu, Jumamosi moja ya mvua, na jambo lenyewe lilikwenda namna hii.

Palikuwa na mwanamke fundi cherehani aitwaye Tulinagwe. Mwaka uliotangulia alikuwa ameteleza kwenye matope ya shamba la chai, akavunjika mguu, akalala miezi mitano nyumbani kwa kaka yake. Ndipo alipojifunza Milki. Ni mchezo wa kompyuta wa kujenga nchi: kila mchezaji ana miji yake, mashamba yake na askari wake, na watu hucheza kwa zamu, huyu akimaliza ndipo yule aanze. Wengi hupenda vita vyake. Tulinagwe alipenda ukurasa wa mapatano, mahali ambapo nchi hutumiana wajumbe na kuandikiana mikataba. Aliisoma mikataba ile kama asomavyo vipimo vya mteja, mstari kwa mstari, kwa kuwa kitambaa kikishakatwa hakiungiki kikawa kama mwanzo.

Mguu ulipopona alijiandikisha kwenye mashindano ya mji, katika ukumbi wa Mzee Gwakisa, ambaye ndiye aliyekuwa mwamuzi. Mshindi, pamoja na mshirika wake kama anaye, angekwenda Dodoma kuuwakilisha mkoa. Tulinagwe hakuwahi kuchaguliwa kwa jambo lolote maishani mwake. Safari ile aliitaka mpaka ikamkosesha hamu ya chakula.

Bingwa wa miaka mitatu mfululizo alikuwa Ambokile, mwuza vipuri vya magari, mtu mwenye mikono myepesi na sauti nzito. Hakumpa Tulinagwe nafasi ya kupumua. Ilipofika zamu ya thelathini, majeshi yake yalikuwa yameuzunguka mji mkuu wa fundi yule.

"Nikumalize, au uwe chini yangu?" aliuliza kutoka upande wa pili wa meza.

Katika Milki, nchi iliyoshindwa inaweza kubaki hai kwa kuwa nchi tiifu. Humpelekea mkubwa wake chakula na askari kila zamu, na haina ruhusa ya kumtangazia mtu yeyote vita.

"Nitakuwa chini yako, kaka," Tulinagwe akasema.

Mkataba ukafunguka. Ambokile alijaza haraka haraka: chakula, askari, vita marufuku. Mahali palipoandikwa "Ruhusa ya kupita mipakani" hakupagusa. Nchi ya Tulinagwe ilikuwa milimani, na njia pekee ya kuvuka kutoka kusini kwenda kaskazini ilipita katikati yake. Ambokile aliona mawe tu. Tulinagwe aliusoma mkataba mara mbili, akaona ruhusa ile imebaki mikononi mwake, akaweka sahihi.

Laiti bingwa yule angeishia hapo. Lakini ushindi ulimlevya. Mchezo ule humruhusu mkubwa kubadili majina ya miji ya mtiifu wake, naye akalifuta jina la mji mkuu wa Tulinagwe na kuuita Jalalani. Ukumbi mzima ukacheka. Kisha akawachukua wapiga mishale wa Tulinagwe, akawatanguliza mbele ya vita alivyokuwa akipigana upande wa mashariki. Walikwisha kwa zamu mbili.

Tulinagwe aliona uso ukimwaka. Hata hivyo hakununa. Alimtuma mjumbe na maneno ya adabu: "Kaka Ambokile, nakupelekea chakula bila kukosa. Naomba unirudishie jina la mji wangu, na wapiga mishale wawili wa kulinda mashamba." Jibu halikuja. Akatuma wa pili. Kimya. Mjumbe wa tatu alipofika, Ambokile hakujisumbua hata kuandika. Alisema kwa sauti ili wote wasikie:

"Dada, mnyonge hana panga. Leta chakula, funga mdomo."

Zamu ileile, mjumbe mwingine aliingia kwenye kioo cha Tulinagwe. Alitoka kusini, kwa Mwalimu Subilaga, mwanamke wa makamo aliyefundisha jiografia sekondari. Aliandika: "Mdogo wangu, pole kwa yaliyokupata. Jeshi langu liko chini ya milima yako. Naomba njia ya kwenda kwa Ambokile. Sitagusa shamba lako hata moja, na siku nikifika, utakuwa huru. Ukikataa, nitaelewa."

Tulinagwe aliyasoma maneno yale mstari kwa mstari. Akikubali na Subilaga akashindwa, Ambokile angemfuta kwenye ramani kabla ya saa ya chai, na Dodoma ingebaki ndoto. Akikataa, angebaki hai kule Jalalani mpaka mwisho wa mchezo, akilima kwa ajili ya mtu anayemcheka. Akaitazama ramani tena. Majeshi yote ya Ambokile yalikuwa mashariki. Kaskazini, nyuma ya milima, mji mkuu wake ulikuwa mtupu kama ghala la mwezi wa njaa.

Akapeleka kidole kwenye "Ruhusa ya kupita". Akabonyeza.

Jeshi la Subilaga lilipita milimani kwa zamu tatu, kimya, bila kukanyaga hata bustani ya mboga. Ambokile alishtuka farasi wakiwa tayari langoni kwake. Aliruka kutoka kitini mpaka kiti kikaanguka.

"Mzee Gwakisa! Huu ni udanganyifu! Huyu ni mtiifu wangu, haruhusiwi kupigana nami!"

Mzee Gwakisa akavaa miwani, akaja, akasoma mkataba taratibu huku wote wamesimama nyuma yake.

"Ametangaza vita?" akauliza.

"Hapana, lakini..."

"Amekunyima chakula?"

"Analeta, lakini Mzee..."

"Ruhusa ya mipaka umemwachia mwenyewe, Ambokile. Kaa ucheze."

"Atanifanyaje mtu ambaye hana hata panga moja!" Ambokile akafoka.

Tulinagwe akainuka. Sauti yake haikupanda, ila iliufikia ukumbi wote.

"Panga sina, kaka. Mlango ninao."

Walioshuhudia wanasema vifijo vilishinda kelele za mvua juu ya bati. Mji mkuu wa Ambokile ulianguka zamu iliyofuata, na Subilaga, mwanamke wa ahadi, akautangaza uhuru wa Tulinagwe kabla hata ya kuhesabu alichoteka. Jina la zamani la mji likarudi. Wawili wale wakaandikiana ushirika, wakasonga bega kwa bega, na kufikia jioni Ambokile alikuwa amebakiwa na vijiji viwili vya mpakani mwa Tulinagwe.

"Mmalize," Subilaga akamwambia. "Ni haki yako."

Tulinagwe akamgeukia bingwa wa jana.

"Kaka, vijiji vyako unataka viitweje?"

Ambokile akaitazama ramani yake. Kisha akasema polepole, "Majina yake yaleyale, dada."

"Basi na yabaki, nawe ubaki navyo."

Tulinagwe na Mwalimu Subilaga wakatangazwa washindi, wakaenda Dodoma, wakarudi na kombe ambalo mpaka leo liko dirishani kwenye duka la cherehani. Na mtu wa kwanza kuyageuza maneno yale kuwa methali alikuwa Ambokile mwenyewe. Kila aliyeanza kujifunza Milki mbele yake alimwambia asome mkataba wote, amheshimu mtu aliye chini yake, kisha akamalizia kwa maneno yale. Wauza vipuri wakayachukua, wachuma chai wakayachukua, yakashuka Kyela na kupanda Mbeya. Siku hizi hata mwenye kiwanda akimdharau mkulima mdogo, wapo wa kumkumbusha:

Mnyonge hana panga, ila ana mlango.