Wimbo Ulioombwa na Zimwi

Sogeeni, wanangu. Mmesogea? Basi nyinyi shikeni masikio, nami nishike moyo.

Palikuwa na kijiji ambako kila mtoto wa kiume alibembelezwa kwa wimbo mmoja: "Lala, simba, ukue upesi, ng'ambo ya mto liko deni la damu ya babu." Mashavu naye alimwimbia hivyo mwanawe, Makame.

Jioni moja zimwi likachungulia mlangoni. "Mama, nipe huo wimbo niumeze."

"Toka, pua kama kinu! Wenzangu wanicheke kwamba nalea mwoga?"

Likaondoka kwa kunyata, lisimwamshe mtoto.

Makame akaingia jandoni; likarudi, likaomba, likafukuzwa. Makame akaoa, akapata mtoto, akapewa mkuki. Likarudi, likapiga magoti, likafukuzwa.

Kesho yake Makame akavuka mto akiimba. Jioni watu wa ng'ambo wakamrudisha juu ya mkeka. Walikuwa wamemfumba macho, wakamfunika kanga. Kanga ilikuwa ya mama mmoja wa kwao, ambaye mwanawe aliuawa na Makame asubuhi ile.

Mashavu akaishika kanga ile. Ndani, mtoto wa Makame akalia. Mashavu akambeba, akafumbua mdomo, ukatoka wimbo ule ule. Hakujua mwingine.

"Zimwi!" akaita. "Njoo uuchukue!"

Likaja, likaumeza, machozi yakilitiririka.

Tangu hapo Mashavu alimbembeleza mjukuu kwa kumpigapiga mgongoni, kimya.

Ngano yangu imefika mlangoni. Mwenye wimbo mwingine amwazime Mashavu.