Uso wa Mwisho Kwenye Gogo la Chikundo

Kaeni vizuri, na mwenye haraka aage sasa, maana nikimaliza nitadai jibu. Mimi mwenyewe sina, na kulikosa kumeninyima raha.

Katika mji wa Chikundo walikuwapo watu watatu. Bi Somoe alikuwa na kipaji cha kukataa. Akisema hapana, hata mkuu wa wilaya aligeuza gari. Hemba, mlinzi, alikuwa na kipaji cha kukaa. Ukimwacha mahali asubuhi, utamkuta papo hapo jioni. Bwana Yasini Kumbwada, tajiri wa mbao, alikuwa na kipaji cha kutoa, ingawa kilimjia ukubwani.

Mwaka wa mvua kubwa mlima uliporomoka ukafukia mtaa mzima. Watu kumi na tisa walikufa. Fundi Mtulya, mchonga vinyago, akaapa kuwachonga wote katika gogo moja la mpingo, wamebebana, ili wasisahaulike.

Gogo lilitoka kwa Bi Somoe. Mpingo wake ulisimama nyuma ya jiko, ameupalilia tangu alipoolewa, na kwa miaka arobaini wanunuzi walikuja wakarudi mikono mitupu. Fundi hakumaliza hata kueleza shida yake. "Ukate," bibi alisema, akaingia ndani na kufunga mlango ili asiusikie ukianguka. Bila yeye, Fundi angechonga nini?

Nyumba ilitoka kwa Bwana Yasini. Halmashauri ilikuwa na ghala bovu la korosho na barua nyingi za ahadi. Yeye akaezeka paa, akatia milango, akabeba na mshahara wa mlinzi. Sharti lake lilikuwa moja: liwe jumba la sanaa la watu wote, na mtu wa Chikundo asitozwe kiingilio kamwe. Siku ya kufunguliwa, wauza samaki waliingia na ndoo zao, wakasimama mbele ya gogo wakilia kwa sauti. Bila yeye, wangelilia wapi?

Halafu Hemba. Mchana mmoja moto wa kusafishia shamba ulivuka uzio ukashika chumba cha gogo. Sisi wengine tulikimbilia maji. Hemba aliingia, akalikumbatia gogo lile zito na kuliburuta mpaka uani. Gogo liliungua kidogo upande mmoja. Viganja vyake viliungua vyote, na hadi leo hawezi kufunga kifungo cha shati. Bila yeye tungebaki na majivu.

Sasa sikilizeni. Mafundi wa Chikundo wana desturi: kinyago cha watu wengi huachwa uso mmoja chini kabisa, usiochongwa mpaka kazi ipate mlezi. Uso huo ni wa mlezi, yeye ndiye anayewabeba wote waliochongwa juu yake. Na Fundi Mtulya macho yameingia ukungu.

"Naweza uso mmoja," alituambia tulipokusanyika jumbani. "Baada ya huo, patasi naweka chini. Nitajieni mlezi."

Diwani akasimama wa kwanza, maana wenye vyeo hawajui kungoja. "Apewe mfadhili. Tukimuudhi, paa likivuja nani ataliziba?"

Bi Somoe hakumtazama. "Sikujaliwa kuzaa, wanangu. Nikifa hakuna mtu duniani atakayefanana na mimi. Nataka sura yangu ibaki kwenye mti wangu."

Hemba akanyoosha mkono wenye kiganja kisichokunjuka, akagusa uso wa saba. "Huyu ni mke wangu. Siku ya mlima sikuwahi kumfikia. Nichongeni chini, nimbebe."

Bwana Yasini alichelewa kusimama, na aliposimama alishika ukuta.

"Miti ya mlima ule niliikata mimi. Nilionywa kwamba udongo utateleza, nikasema wananionea wivu. Nyumba hii msiiite wema. Nichongeni chini kabisa, wote kumi na tisa wanikalie mabegani, na wajukuu zenu waambiwe ni kwa nini. Mkikataa, sitaondoa hata msumari. Nyumba ni yenu."

Mama mmoja akapiga ukelele: "Asiguse mwanangu! Hata kwa mti, asimguse!"

"Basi tutoke chini ya paa lake," mwingine akamjibu.

Hakuna aliyetoka. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, na miguu haikunyanyuka. Niliwahi kuzipakia mbao zile kwenye malori yake, kwa ujira mzuri, wala sikuuliza kitu. Niliona aibu.

Fundi Mtulya alipiga magoti, akapapasa sehemu ile laini isiyochongwa, akaweka ncha ya patasi juu yake. "Semeni," alisema. "Nanoa kila asubuhi, na kila asubuhi naona kidogo kuliko jana."

Tukatawanyika bila uamuzi. Kesho tunakutana tena pale pale.

Ninyi mliosikiliza, nisaidieni niende na neno. Bibi aliyetoa mti, mlinzi aliyetoa mikono, au tajiri aliyetoa nyumba juu ya makaburi aliyoyasababisha: ungekuwa wewe, ungemwambia Fundi achonge uso wa nani?