Mleta Chakula Aliyepitishwa Uani

Mficha mletaji hukosa shahidi. Jana mlimsikia fundi cherehani akimwambia mwenziwe maneno hayo, mkacheka kwa sababu yeye alicheka, kisha mkaja kuniuliza mimi yametoka wapi. Msiyatafute katika vitabu vya shule, hamtayakuta. Ni methali yetu ya Ngamiani, hapa hapa Tanga, umri wake unauzidi kidogo tu ubovu wa goti langu, na mwanzo wake niliuona kwa macho yangu, maana nilikuwa nimeshika birika la kunawisha wageni mikono. Kaeni basi. Asiyeweza kunyamaza aende akachote maji.

Methali hii ilianzia kwenye ulimi wa jirani yangu Bi Mwantumu, Mungu amzidishie afya. Ni mwanamke mwema. Ukienda kwake kuomba chumvi, utarudi na chumvi, malimau, na habari za mtaa mzima. Ila alikuwa na ila moja: hakubali kupitwa. Mwanao akiugua homa, wa kwake aliugua kali zaidi. Ukisema paa lako linavuja, yeye atakuambia lake lilivuja hadi godoro likaelea. Mumewe alikwisha kufariki, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Salha, aliyekuwa akifundisha watoto wa chekechea.

Salha alipendana na kijana wa Makorora aitwaye Twaha. Wenyewe walikwisha kukubaliana, kama mnavyofanya nyinyi siku hizi, ikabaki sisi wakubwa kuwafuata nyuma tukihema. Twaha alilelewa na baba yake mdogo, Mzee Shehoza, na kila kitu kilingoja neno la mzee huyo. Basi siku moja shangazi wa kijana, Bi Sijali, akaja kubisha hodi kwa niaba ya upande wao. Wakazungumza, wakanywa chai, na Bi Sijali katika kupiga soga akasema kwamba waliwahi kula chakula cha Kichina kwenye harusi moja Dar es Salaam, na kwamba Mzee Shehoza mpaka leo anakitaja.

Hapo Bi Mwantumu angenyamaza tu, methali hii isingezaliwa. Lakini akasema, "Kumbe hicho! Hapa kwetu ni chakula cha kila Ijumaa. Salha anakipika macho kafumba."

Salha alikuwa akimimina chai. Ikajaa kikombe, ikajaa kisahani, ikafika mkekani.

"Haya, mashallah," akasema Bi Sijali. "Basi siku ya posa tutakuja na njaa."

Mgeni alipoondoka, mama na mwana walitazamana. Salha hajawahi kupika hata tambi za Idi zikakubali. Bi Mwantumu akasema hakuna chakula kinachomshinda aliyezaliwa na mikono miwili, akaenda dukani akanunua chupa ya sosi ya soya, akaimimina yote sufuriani juu ya tambi na vitunguu. Aliniletea nionje. Wanangu, mimi nimekula mengi duniani, lakini sijapata kula chakula cheusi kama masizi kinachokamua ulimi kama maji ya bahari. Nilimwambia ukweli kwa upole, akanijibu kuwa ulimi wangu hauna safari.

Siku ya posa ilipowadia, akafanya alichopaswa kukifanya mapema. Alipiga simu kwenye mkahawa wa Bwana Liang, karibu na stesheni. Bwana Liang alikuwa Mchina aliyekaa Tanga miaka mingi, akivutana na wauza samaki wa soko la Deep Sea kwa Kiswahili safi kuliko cha wajukuu zangu. Bi Mwantumu akaagiza wali wa kukaanga wenye mayai, tambi, kuku wa mchuzi mtamu wenye ukali wa siki, na zile sambusa zao ndefu zilizoviringwa. Kisha akatoa masharti. Chakula kipitishwe mlango wa uani. Pikipiki izimwe kabla ya kufika. Mletaji avue kofia na koti lenye jina la mkahawa, aje kama mtu wa kawaida.

Salha hakupenda. "Mama, kwa nini tusiwaambie tu kwamba tumeagiza? Watu wote wanaagiza siku hizi."

"Waniseme Makorora nzima? Nyamaza, tandika mkeka."

Mletaji mwenyewe alikuwa mtu mzima, mwenye mvi kidevuni, jina lake Mhidini. Alifika wageni wakiwa wamekwisha kuketi sebuleni, akaingia uani anasukuma pikipiki kwa mikono, jasho linamtoka, koti amelikunja kwapani. Akatukabidhi mifuko. Kisha akasikia sauti za watu ndani, akajifuta uso na kusema, "Mama, mna wageni. Niruhusu nipite mbele niwape salamu. Ni vibaya kuwaacha watu bila salamu."

"Salamu zimefika, baba! Pita huku huku, pita, pita!" Bi Mwantumu alimsukuma kwa viganja, yeye na pikipiki yake, mpaka uchochoroni, akafunga mlango kwa komeo. Nilimwonea haya yule mtu.

Tukaanza kazi. Wali ukatolewa kwenye vibakuli vya plastiki ukapangwa katika sinia kubwa la shaba. Kuku akahamia mabakuli ya maua ambayo Bi Mwantumu hayatoi kabatini ila kwa harusi na hitima. Vibakuli vya plastiki vikaingia uvunguni mwa kitanda cha Salha, na vile vijiti vya kulia tukavisokomeza katika gunia la mkaa. Harufu yake ilikuwa nzuri, siwafichi. Mimi mwenyewe nilimeza mate nikijifanya nakohoa.

Sinia likaletwa, wageni wakasogea. Nikawanawisha mikono mmoja mmoja. Walikuwa Mzee Shehoza na wazee wenziwe wawili, na upande wa wanawake Bi Sijali. Mzee Shehoza akatazama chakula, uso ukachanua kama wa mtoto siku ya Idi. "Kumbe ni kweli!" akasema. "Nilidhani ni maneno ya wanawake." Kila mtu akacheka. Akashika kipande cha kuku, akakiinua, halafu akakisimamisha hewani.

"Bi Mwantumu," akasema kwa heshima zote, "kuku huyu amechinjwa na nani, tumwombee dua?"

Ilikuwa desturi yake mzee yule. Hali nyama ya ugenini mpaka ajue mchinjaji wake, na hakuwa akiuliza kwa shari. Lakini nyumba ile haikuwa na mwanamume. Bi Mwantumu akafungua mdomo. Najua alitaka kumtaja shemeji yake wa Pongwe, maana midomo ilikwisha kuanza na herufi ya kwanza. Ila jina halikutoka. Uongo wa sufuria ni kitu kimoja. Uongo wa kisu, wa nyama ambayo mtu anaipeleka kinywani akiamini ni halali, huo ni mwingine, na yeye ni mwanamke anayeswali. Akaufumba mdomo.

Kwetu mgeni wa posa akinyanyuka bila kula, posa imenyanyuka naye. Hilo kila mmoja pale alilijua. Mzee alirudisha kile kipande sahanini, taratibu.

Ndipo pazia likafunuka na Salha akatoka. Binti anayeposwa hatoki mbele ya wageni hao, lakini alitoka. Alisimama macho chini, vidole vinacheza na pindo la kanga.

"Shikamoo baba. Chakula hiki sikukipika mimi, wala mama. Tumeagiza kwa Mchina. Mimi kupika tambi sijui. Mchinjaji hatumjui, na sitaki mle kitu kwa ajili yangu bila kukijua."

Bi Sijali akasukuma sahani kwa ncha ya kidole. "Kwa Mchina?" akanong'ona, na mnong'ono wake ulifika barabarani. "Isije ikawa kitimoto jamani, nyama ya nguruwe!"

"Si kitimoto, ni kuku!" akalia Bi Mwantumu. "Naapa niliagiza kuku!"

"Kuku nimemwona," akasema Mzee Shehoza. Hakukasirika, lakini furaha ilikwisha kumtoka usoni. "Nauliza kachinjwaje. Aliyekileta chakula yuko wapi? Huyo ndiye wa kutuambia."

Bi Mwantumu akainamisha kichwa. "Nimemfukuza. Nimempitisha uani ili msimwone."

Mimi nikaweka birika chini nikakimbia. Msinicheke, wakati ule goti lilikuwa zima. Nilimkuta mtu wa watu mwisho wa uchochoro, pikipiki imegoma kuwaka baada ya kuzimwa vile, anaipiga teke na kuomba Mungu. Nikamwambia, "Baba, tusamehe sana, njoo utuokoe. Na tafadhali vaa koti lako."

Safari hii aliingia kwa mlango wa mbele, koti jekundu la mkahawa mwilini na kofia kichwani. Akavua viatu, akasema, "Asalaam aleikum."

Mzee Shehoza akageuka kuitikia, akabaki mdomo wazi. "Mhidini? Ni wewe?"

"Ni mimi, Mzee. Nilitaka kukusalimu tangu mwanzo, sikupata njia."

"Jamani," mzee akawageukia wenziwe, "huyu ndiye anayetuchinjia ng'ombe wa Idi pale msikitini kwetu, mwaka hata mwaka!" Kisha akamuuliza habari ya kuku.

"Kuku wa pale nachinja kwa mkono wangu, kila asubuhi," akasema Mhidini. "Bwana Liang aliponipa kazi nilimwambia, mimi ni Mwislamu na wateja wako wengi ni Waislamu. Nitakuchinjia na nitakupelekea, na nguruwe asipite mlangoni. Akanishika mkono tukakubaliana. Hajavunja hata siku moja."

Mzee Shehoza hakungoja neno la pili. Alisema bismillahi, na kile kipande kikaenda kilikokuwa kikienda tangu mwanzo. Baada ya hapo nilisikia kutafuna tu. Hata Bi Sijali, aliyekuwa na ncha ya kidole, sasa alitumia mkono mzima. Na Mhidini walimvuta akaketi nao kwenye sinia lile lile, akala alichokileta mwenyewe.

Waliposhiba, mzee akanawa, akasafisha koo. Bi Mwantumu alikuwa kajikunyata pembeni, akingoja hukumu.

"Bi Mwantumu, tulikuja kuposa mke, hatukuja kuajiri mpishi. Tambi Twaha atanunua. Lakini binti anayesema kweli hali yake ikiwa ngumu namna ile, huyo hanunuliki popote, na huyo ndiye tunayemtaka. Ila wewe dada yangu, nikuambie jambo. Chakula chako kilikuwa halali tangu kilipotoka jikoni. Aliyekuja kukutia mashaka ni wewe mwenyewe. Ungemwacha mtu huyu apite mbele atusalimu, nisingeuliza lolote. Ulimficha mletaji, ukakosa shahidi."

Bi Mwantumu alilia, kisha akacheka, kisha akafanya vyote viwili pamoja. Akaenda kumshika Mhidini mkono na kumwomba radhi mbele ya watu wote. Na mwanamke aliyekuwa hakubali kupitwa, kesho yake alikuwa wa kwanza kuisimulia habari hii kisimani, akijicheka mwenyewe kabla hatujamcheka. Maneno ya mzee yakapita nyumba kwa nyumba, yakapunguka, yakalainika, mpaka yakawa haya mliyoyasikia jana.

Siku ya nikaha, shehe alikaa, Twaha akakaa mbele yake, na shehe akauliza kama mashahidi wawili wapo. Upande wa Makorora wakamtoa wa kwao. Kisha shehe akauliza, "Na upande wa binti?"

Wanaume wakatazamana. Kutoka nyuma ya pazia sauti ya Bi Mwantumu ikatoka kubwa, bila haya, "Yupo! Kaketi hapo mbele, na leo kapita mlango wa mbele. Anaitwa Mhidini."

Mficha mletaji hukosa shahidi.