Fedha Nyeusi za Bibi Buku

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na shimo!
— Tuchungulie!

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, manyunyu yakidondoka ti! ti! ti! juu ya machimbo ya kale ya Kisongwe. Bibi Buku, panya mkongwe, aliketi mlangoni mwa shimo akizigeuza sarafu zake za fedha, nyeusi kama masizi. Kila sarafu ilichorwa mgodi wa Ujerumani uliotoa fedha yake: kilima, kamba, mtu na nyundo. Msimamizi Mjerumani wa machimbo ya Kisongwe alimtuza babu yake Buku sarafu moja kila babu alipolia “Chwii!” kabla ya mwamba kuporomoka, wachimbaji wakatoka salama. Wachimbaji walikwisha kwenda, na nyimbo zao zikawafuata. Zilibaki sarafu.

Gubu! gubu! gubu! Akaja Fisi.

“Shikamoo, bibi. Nasikia una fedha. Zitoe, au nikutafune pamoja na mkia!”

“Marahaba, mjukuu wangu. Ngoja nizitoe.”

Akaingia ndani. Kwaru! kwaru! kwaru! Akavisugua kwa jivu vifuniko vya makopo ya wachimbaji, mpaka vikameremeta. Kisha akatoka na mafungu mawili: sarafu nyeusi huku, vifuniko kule.

“Fedha ni ipi?” akauliza Fisi.

“Hii nyeusi, mjukuu wangu.”

“Mwongo!”

“Fedha ikizeeka huvaa kaniki. Haki ya Mungu, ni hii nyeusi.”

“Hi! hi! hi! Panya anaapa! Mimi si wa kudanganywa na wewe, ajuza.”

“Usichukue hivyo vinavyong'aa, utajuta!”

“Baki na masizi yako, ukapikie!” Akavikumba vifuniko vyote, akatimka, gubu! gubu! gubu!, hadi kwa Kakakuona, mkusanyaji wa sarafu kongwe.

Kakakuona akakigonga kimoja kwa ukucha: ko!

“Bwana Fisi,” akasema kwa upole, “hiki ni kifuniko cha kopo la samli.”

Basi wasikilizaji wangu, shikeni funzo: kila king'aacho ni fedha, na anayewaambia vinginevyo ni panya.

Hadithi yangu imeingia shimoni. Aliyependezwa achukue mng'aro, asiyependezwa aniachie weusi.

Naye Bibi Buku, manyunyu yalipokatika, alizipanga sarafu kifuani, akazihesabu kwa kidole, moja kwa kila siku ambayo babu alilia na watu wakarudi kwao: saba.