Mume Aliyesonga Ugali

Wapendwa, Jumamosi moja, katika nyumba moja ya mjini, walikuwepo watu wanne tu: mume, mke, mama mzazi wa mume, na shangazi yake. Mama na shangazi walikuwa wametoka kijijini na neno moja. Mke ameolewa miaka sita na hajashika mimba. Walikuja kumchukua, wamrudishe kwa wazazi wake.

Ngojeni kwanza niwaambie mume alikuwa mtu wa namna gani. Mkewe aliuza nguo stendi ya mabasi, akitoka alfajiri na kurudi giza limeingia. Mume alimwonea huruma. Hakutaka afike amechoka halafu aanze kuhangaika na mkaa. Basi kila jioni alipitia kibandani, akamletea chipsi kuku na soda baridi. Asubuhi mke alikunywa chai kwa maandazi ya kununua, mchana akala chipsi mayai palepale stendi. Majirani walisema, "Mwenzetu anadekezwa." Na kweli alipendwa. Nani kati yetu angemlaumu mume kama huyo?

Mimba ilipozidi kuchelewa, wakaenda kliniki wote wawili, maana mume hakukubali aende peke yake. Muuguzi akawasikiliza, akawapima, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza. "Dada, kwa siku unakula nini?"

Mke alipomaliza kueleza, muuguzi akasema kwa upole, "Siwezi kuwaambia kwamba ni chakula peke yake. Mambo ni mengi, na vipimo tutaendelea navyo. Lakini vya kukaanga na soda kila siku vinaweza kuchangia mimba kuchelewa. Mwili wako unahitaji mboga, maharage, matunda. Tuanze na hapo."

Mke akainamisha kichwa. "Nitapika saa ngapi mimi?"

"Nani amekwambia utapika wewe?" mume akasema.

Akaanza kujifunza. Ugali wake wa kwanza ulikuwa madonge matupu. Mke akaula wote, akamwambia ni mtamu.

Basi wageni walipofika Jumamosi ile, walimkuta mume jikoni, amejifunga kanga ya mkewe kiunoni, anasonga. Mke alikuwa amekaa mkekani, amenyoosha miguu, anapumzika.

Shangazi akacheka. "Wifi, njoo uone. Mwanao kaolewa."

"Karibu, shangazi," mume akajibu bila kugeuka. "Ukimaliza kunicheka, nawa mikono ule."

Akawatengea ugali, mchicha wa karanga, dagaa na papai. Dagaa wa mama yake aliwatoa vichwa mmoja mmoja, kwa kuwa aliyajua meno yake. Mama akala, akaongeza mchicha. Shangazi akachoka kungoja.

"Wifi, si useme neno lililotuleta?"

Mama akamtazama mkwe wake. "Hebu niambie, mwanangu. Kabla huyu hajaanza kupika, ulikuwa unakula nini?"

Mke akamweleza yote, mpaka chipsi za stendi na maneno ya muuguzi. Mama akarudisha tonge kwenye sahani.

"Miaka sita nakuuliza mjukuu wangu yuko wapi," akasema. "Sijawahi hata mara moja kukuuliza umekula nini."

Kisha akamgeukia shangazi. "Neno lililotuleta nimelimeza na huu ugali. Na wewe meza lako."

Wapendwa, najua mnachotaka kuniuliza sasa. Alizaa? Naona mnavyoniangalia. Hata sisi, baada ya kuyasikia yote haya, swali letu ni lilelile. Dada anaingia hapa kanisani, na kabla hajaketi tumeshamtazama tumbo. Nani kati yetu amewahi kumpelekea bakuli la mboga? Nani amemwambia, "Nenda ukale kwa kutulia, biashara yako nitaishika mimi"? Yule mume hakuwa daktari. Alikuwa na huruma, na alipoonyeshwa kwamba huruma yake inabeba chakula kisichofaa, hakununa. Alijifunga kanga. Mungu hakutuweka tuwahesabie wenzetu watoto. Tumuulize dada yetu kama amekula, na kama hajala, tuwashe jiko. Watoto tumwachie Mungu.

Mama na shangazi waliondoka Jumatatu kwa basi la asubuhi, wawili, kama walivyokuja.