Udongo Ulioazimwa Vinywa vya Mawaziri

Hapo zamani, watawala walipokuwa hawakosei kamwe, na wakikosea ni kosa la mtunza bustani, alikuwako Sultani Zahran. Alipenda vitu viwili: mawaridi yake, yaliyopandwa katika vyungu na matuta kuzunguka baraza, na sharbati ya ndimu aliyoikamua kwa mkono wake mwenyewe. Sukari aliiita dawa ya wagonjwa. Ikawa desturi kila ajaye barazani apewe bilauri na airudishe tupu. Zikarudi tupu zote, na mawaziri wakaisifu sharbati hata midomo ikawachoka.

Basi mawaridi yakaingia manjano, yakanyauka. Watunza bustani wawili wakatiwa gerezani, kwa kuwa mawaridi hayafungiki. Ndipo akaletwa Ngwali, fukara asiye na shamba wala jembe, mwenye ulimi tu.

"Nimechoka na maneno ya watu," akasema Sultani. "Nataka udongo wenyewe uniambie unaumwa nini. Usiponena kabla ya adhuhuri, shingo yako ni halali ya upanga."

Ngwali akaipapasa shingo yake, kwani alikuwa nayo moja tu. Akayatazama mawaridi. Ya mlangoni, wakaapo askari wasiopewa sharbati, yamechanua. Ya kando ya viti vya mawaziri yamekufa kabisa. Roho ikamtulia.

"Ee Bwana wangu, udongo hauna kinywa. Naomba uazimwe vinywa vya mawaziri, maana vimezoea kusemea wengine."

Sultani akaridhia. Kila waziri akatiwa kijiko cha udongo ulimini. Nyuso zikakunjamana, machozi yakawatoka.

"Udongo wasemaje?" akauliza Sultani.

"Mchachu, Bwana! Ndimu tupu!" akasema Waziri Mkuu, kabla hajakumbuka kusema uongo.

Sultani akaelewa, akaghadhibika. Akajimiminia bilauri ili awaonyeshe wajinga hao utamu ulivyo, kwani tangu aanze kuikamua hakupata kuionja. Akapiga funda moja. Uso ukamgeuka. Akatazama kulia, akatazama kushoto, na mkono wenye bilauri ukaenda wenyewe kwenye chungu kilichokuwa kando ya kiti chake.

"La, Bwana wangu!" akalia Ngwali. "Waridi la chungu hicho lingali hai!"

Sultani akacheka hata kilemba kikamwanguka. Wafungwa wakafunguliwa, Ngwali akapewa bustani yote, na mawaziri wakaamriwa kubeba jivu la jikoni na samadi ya zizini, wauchanganye udongo kwa mikono yao, chungu kwa chungu, tuta kwa tuta. Na kila asubuhi Ngwali aliwapitia na kijiko, waonje tena, aone kama uchachu umepungua. Wakasema kweli kila walipoulizwa, jambo ambalo nchi ile haikupata kuliona.